Mlango wa Ndani: Historia ya Kompyuta Mgeni na Mwenyeji Wake

Mwaka 2000, kama ulikuwa Nairobi na ulitaka kumtumia barua pepe mtu aliye ng'ambo ya barabara, na yeye alikuwa mteja wa kampuni nyingine ya intaneti, barua yako haikuvuka barabara. Ilipanda hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, ikashuka Ulaya au Marekani, ikakabidhiwa mtandao mwingine huko, ikapanda tena angani, ndipo ikashuka Nairobi. Ukijumlisha kupanda na kushuka huko unapata zaidi ya kilomita 140,000, safari ndefu kuliko kuizunguka dunia mara tatu. Kisa na maana, kampuni mbili za mji mmoja hazikuwa na waya wa kuziunganisha. Na safari yote ililipiwa kwa dola.

Naanza na barua hiyo kwa sababu tatizo lake bado tunalo, limepungua tu ukubwa. Siku hizi liko ndani ya laptopu. Huku Ayany, na Kibera kwa jumla, kuna vijana wanaojifunza kazi ya seva kwenye laptopu za mtumba. Hawana dola za kukodi seva ng'ambo wala kadi ya benki ya kuilipia, kwa hivyo wanaunda kompyuta ya pili ndani ya ile waliyo nayo, kompyuta isiyoshikika, iliyotengenezwa kwa programu tupu. Inawaka vizuri. Inafungua tovuti za Marekani. Lakini laptopu iliyoibeba ikijaribu kuiita, kimya. Ziko meza moja, zinakula tokeni moja ya stima, na hazisikilizani.

Inakuwaje kitu cha mbali kifikike na cha karibu kisifikike? Ukimuuliza fundi atakuonyesha mahali pa kubofya, na utatoka hapo ukiwa na suluhisho bila kuelewa. Jibu lenyewe ni historia, tena ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mashine iliyojigawa

Miaka ya 1960 kompyuta ilijaza chumba, na bei yake iliwezwa na mashirika na vyuo vikubwa tu. Watu wengi walitaka kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Katika kituo cha utafiti cha IBM pale Cambridge, Massachusetts, timu iliyoongozwa na Robert Creasy ilikuja na wazo la ajabu kidogo: mashine iwadanganye watumiaji wake. Kila mmoja apewe kompyuta nzima ya kuwaziwa, yenye kumbukumbu yake na vifaa vyake, asijue kwamba chini yake kuna chuma kimoja kinachohudumia watu kwa zamu. Mfumo huo uliitwa CP-40, na ulianza kutumika Januari 1967 kwenye mashine ya System/360 Model 40. Mwaka 1972 IBM ikatangaza mrithi wake wa kibiashara, VM/370.

Swali la mawasiliano lilizuka mapema. Ukishawapa watu 10 kompyuta 10 za kuwaziwa, watataka kutumiana kazi. Wakati huo programu na data ziliingizwa kwa kadi za karatasi zilizotobolewa matundu, kwa hivyo kila kompyuta ya kuwaziwa ilipewa mashine ya kuwaziwa ya kutoboa kadi na nyingine ya kuzisoma. Ukitaka kumtumia jirani faili, ulitoboa kadi ambazo hazipo, na upande wa pili mashine isiyokuwepo ikazisoma. Hakuna karatasi iliyoguswa. Kompyuta mbili zilizoishi ndani ya chuma kimoja zilitumiana mizigo kana kwamba kuna tarishi anayetembea katikati yao.

Kisha kompyuta zikawa ndogo, watu wakapata za kwao mezani, na wazo hili likabaki kwa wenye mitambo mikubwa. Lilirudi kwa nguvu baada ya 1998, ilipoanzishwa kampuni ya VMware huko California. Mwaka uliofuata ilianza kuuza programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta ya kawaida. Januari 2007 kampuni ya Kijerumani iitwayo Innotek ikatoa VirtualBox, ambayo mtu angeweza kuipakua bila kulipa. Sun Microsystems iliinunua Innotek mwaka 2008, na Oracle ikaimeza Sun mwaka 2010, lakini VirtualBox ikaendelea kuwa ya bure. Ubure huo ndio ulioleta jambo hili mitaani kwetu. Mimi chuo nilikiacha njiani, na sehemu kubwa ya ninachojua kuhusu seva nilikipata kwenye kompyuta za aina hii, ambazo ukiziharibu unazifuta na kuanza upya, na hakuna anayekudai.

Laptopu yenyewe huitwa mwenyeji, na kompyuta ya ndani huitwa mgeni. Kiswahili hakikuhangaika hapo. Tunajua kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunajua pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na mgeni huyu ameletwa kwa ajili ya jembe hasa: awe seva, ahifadhi tovuti, ajibu maombi yakija. Anakwama kwa sababu maombi hayamfikii. Getini kuna soja.

Soja wa geti

Kila kifaa kwenye intaneti kinahitaji anwani ili pakiti za data zijue ziende wapi. Anwani za mfumo wa kwanza uliosambaa duniani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilishaonekana kwamba hazitatosha. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha pendekezo la mbinu inayoitwa NAT, ambapo vifaa vingi hujificha nyuma ya anwani moja. Wenyewe waliieleza kama suluhisho la muda mfupi, la kusubiri kitu bora zaidi. Februari 1996 zikatengwa rasmi anwani za ndani: zinazoanza na 10, zinazoanza na 192.168, na fungu moja la 172. Yeyote anaweza kuzitumia kwake bila kuomba ruhusa, mradi zisitoke nje.

Mtu wa Nairobi haelezwi NAT kwa shida. Chukua plot yenye nyumba 20 na geti moja. Huko barabarani plot ina jina moja. Ndani kuna A1, A2, B1, B4. Soja ana kitabu. Mtu wa B4 akiagiza chakula, soja anaandika. Boda akija nacho, soja anaangalia kitabu, anaona ni cha B4, anakipitisha. Lakini mtu akitokea tu barabarani, hakuna aliyemwagiza, hana mstari wake kwenye kitabu, basi anarudishwa. Soja hana ubaya naye. Hajui tu ampeleke nyumba gani.

VirtualBox humwekea kila mgeni mpya mpangilio huu bila kukuuliza. Ukiangalia anwani yake utakuta 10.0.2.15, na lango lake ni 10.0.2.2. Ndivyo ilivyo kwako, ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi wa Kisumu na wa São Paulo. Duniani kote kuna wageni wasiohesabika ambao kila mmoja anaamini anaishi 10.0.2.15, na hawagongani kwa sababu kila mmoja ana geti lake na soja wake. Mgeni anatoka apendavyo. Wa nje hana pa kubisha hodi, na hapo "wa nje" ni pamoja na mwenyeji anayemlisha.

Soja huyo naye ana ukoo. Msimbo ulioijenga NAT ya VirtualBox, na ile ya programu nyingine iitwayo QEMU, umetokana na Slirp, programu iliyoandikwa na Danny Gasparovski katikati ya miaka ya 1990. Enzi hizo watu wengi waliingia mtandaoni kwa kupiga simu kwenye kompyuta ya chuo au kampuni, na akaunti ya bei rahisi ilikupa skrini ya maandishi tu. Intaneti kamili, yenye picha na kurasa, ilikuwa ya bei ya juu. Slirp ilimwezesha mwenye akaunti ile ndogo kupitisha intaneti nzima kwenye skrini yake ya maandishi, bila msimamizi kubadilisha chochote upande wake. Ulikuwa ujanja wa watu wa mfuko mdogo. Baadaye watengenezaji wa kompyuta za kuwaziwa walikuta mgeni wao yuko katika hali ileile: anataka intaneti na hana kibali cha msimamizi wa mashine. Wakauchukua ujanja ule. Kwa hivyo unapowasha VirtualBox leo, chini yake kunafanya kazi uzao wa kitu kilichobuniwa kwa wasioweza kulipa bei kamili.

Njia tatu za kumfikia mgeni

Ya kwanza ni kumwachia soja maagizo. Unamwambia: yeyote akija akitaja 2222, mpeleke B4, mlango wa 22. Mlango namba 22 ndio wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa maandishi. Katika VirtualBox unaandika maagizo haya kwenye mipangilio ya NAT, kisha kwenye laptopu unaita 2222 na unajikuta ndani ya mgeni. Inafanya kazi. Lakini kila huduma inataka agizo lake, moja la tovuti, lingine la hifadhidata, na baada ya wiki mbili soja ana karatasi nyingi hata wewe umesahau ipi ni ya nini.

Ya pili ni daraja, chaguo linaloandikwa Bridged. Hapa mgeni anapewa geti lake mwenyewe barabarani. Anaenda kwa ruta kama simu mpya iliyoingia nyumbani, anaomba anwani, anahesabiwa. Ofisini ni nzuri. Mtaani ina mambo yake. Penye Wi-Fi inayouzwa kwa kila kifaa, mgeni ni kifaa cha pili, na utaambiwa ukilipie. Wi-Fi nyingine hazikubali vifaa viwili vizungumze kupitia muunganisho mmoja, kwa hivyo mgeni anakaa bila anwani na wewe unahangaika usiku mzima ukidhani kosa ni lako. Na pale inapokubali, kumbuka kwamba kila aliye kwenye Wi-Fi hiyo sasa anaweza kumpigia hodi mgeni ambaye hata nywila yake hujaibadilisha.

Ya tatu ni mlango wa ndani. Nairobi tuna SQ, chumba cha nyuma tulichorithi kutoka enzi za ukoloni, kilichojengewa wafanyakazi. Aliye SQ na aliye nyumba kubwa wakitaka kuonana hawazunguki kwa geti. Wanapita uani. Kwenye VirtualBox mlango huu umeandikwa Host-only: waya wa kuwaziwa unaowaunganisha mwenyeji na mgeni, na hauendi kwingine kokote. Mwenyeji kwa kawaida hupewa 192.168.56.1 na mgeni anapata anwani ya fungu hilohilo, mara nyingi 192.168.56.101.

Wengi huishia kumpa mgeni adapta mbili. Ya kwanza inabaki NAT ili aweze kutoka kupakua programu zake. Ya pili inakuwa ya mlango wa ndani ili mwenyeji amfikie. Mgeni akiwaka, unaandika ip a ndani yake kuona kama adapta zote mbili zimepata anwani. Kuna mifumo inayoamsha ya kwanza tu na kuiacha ya pili imelala hadi uitaje kwenye mipangilio. Na kama mwenyeji anamwona mgeni lakini mgeni akimwita mwenyeji hajibiwi, kabla hujabomoa kila kitu angalia ulinzi wa Windows, ambao kwa kawaida huwazuia wanaobisha kutoka nje. Mlango upo. Upande mmoja tu ndio umefungwa komeo.

Na faida ambayo vitabu vya ng'ambo havisisitizi, kwa sababu huko haiumi sana, ni hii: kwenye mlango wa ndani hakuna data inayoliwa. Unaweza kujenga tovuti, kuijaribu mara 1,000, kutuma faili la GB 5 kutoka laptopu hadi kwa mgeni na kulirudisha, na simu yako iwe haina hata shilingi. Kwa mtu anayenunua data ya siku moja moja, hiyo ndiyo tofauti kati ya kufanya mazoezi kila siku na kungoja Ijumaa.

Nchi nayo ilitafuta mlango wake

Sasa turudi kwenye ile barua ya mwaka 2000. Kampuni za intaneti za Kenya zilijua kwamba zinalipa dola kuupeleka ujumbe wa Nairobi ng'ambo ili urudi Nairobi. Zikiwa chini ya chama chao, TESPOK, ziliamua kufanya kitu ambacho nchi nyingine zilishakifanya: kutafuta chumba kimoja mjini, kila kampuni ilete waya wake, nyaya zikutane kwenye kifaa kimoja. Ujumbe wa Kenya kwenda Kenya ubadilishiwe hapo. Kituo kiliitwa KIXP, na kilianza kazi mwishoni mwa Novemba 2000.

Hakikumaliza hata mwezi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba haki yake inaingiliwa. Tume ya Mawasiliano, CCK, ikaamua kwamba kituo kinahitaji leseni na hakina, ikaamuru kifungwe. Hebu fikiria hoja yenyewe. Ujumbe unaotoka Nairobi kwenda Nairobi ulikuwa biashara ya kimataifa kwa sababu tu ulizoeshwa kupitia ng'ambo. Ulipopata njia fupi, aliyekuwa akitoza njia ndefu akasema ameibiwa.

Kampuni zilikata rufaa, zikaandika, zikashawishi. Hoja yao ilikuwa rahisi kuieleza hata kwa asiyejua kompyuta: kituo hakitoki nje ya nchi hata hatua moja, kwa hivyo hakiwezi kuwa kinauza mawasiliano ya nje. Karibu mwaka mzima ulipita. Novemba 2001 leseni ilikubaliwa, na Februari 2002 KIXP ikafunguliwa upya.

Mwaka 2012 shirika la Internet Society lilichapisha utafiti kuhusu vituo vya Kenya na Nigeria. Muda wa ujumbe wa ndani ya nchi kwenda na kurudi ulikuwa umeshuka kutoka milisekunde kati ya 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10. Kampuni za Kenya ziliokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka. Kufikia wakati huo kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilishafika Mombasa, mwaka 2009, na bei ya kwenda nje ilikuwa imeanguka. Bado mlango wa ndani ulikuwa na faida, kwa sababu hata njia ya nje ikiwa rahisi vipi, hakuna haja ya kuipita kumfikia jirani.

Nikiangalia mpangilio wa adapta mbili kwenye laptopu, moja ya kutokea na moja ya kuzungumza na wa karibu, naona Kenya ya baada ya 2002. Kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa na adapta moja.

Mtaa usioonekana

Ukishuka kutoka ngazi ya nchi hadi ya mtaa, utakuta Kibera ililijua tatizo la anwani kabla kompyuta haijabuniwa. Askari wa Kinubi, wenye asili ya Sudan, waliowatumikia Waingereza katika jeshi la King's African Rifles, walianza kuwekwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Wakapaita Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga rasmi ekari 4,197. Umiliki haukufuata. Kwenye makaratasi waliendelea kuhesabiwa kama watu waliokaa kwa hisani, na ardhi ikamegwa muongo baada ya muongo, estate zikajengwa juu yake, Ayany ikiwa mojawapo. Hati ya ardhi ya jamii ilikabidhiwa mwaka 2017. Ilikuwa ya ekari 288. Mgeni wa karne nzima, aliyezaa na kuzika hapa, alikuwa bado anaulizwa mwenyeji wake ni nani.

Waliokuja baadaye kutoka kila pembe ya nchi walikuta hali ileile. Kila asubuhi watu walitoka Kibera kwenda Industrial Area, mjini, kwenye nyumba za watu za Lavington na Karen, na jioni wakarudi. Kutoka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuingia: barua, ambulensi, gari la zimamoto, mtu anayetafuta nyumba fulani. Hadi 2009 ramani za kawaida za Nairobi ziliacha hapa kama doa tupu. Mwaka huo vijana wa mtaa, wakishirikiana na Mikel Maron na Erica Hagen, walizunguka na vifaa vya GPS wakiandika vichochoro, vyoo, zahanati na shule, wakaweka yote kwenye OpenStreetMap ambapo yeyote anaweza kuyaona. Mradi ukaitwa Map Kibera. Kwa lugha ya sehemu iliyopita, walikuwa wanaandika kitabu cha soja ambacho mji ulikataa kukiandika.

Kibera hiyohiyo ina TunapandaNET, mtandao wa jamii wa Tunapanda Institute. Antena zinaunganisha shule na vituo vya vijana kwa mawimbi, na masomo yamewekwa kwenye seva iliyo ndani ya mtandao huo. Mwanafunzi akifungua somo, ombi lake haliondoki mtaani, halipandi kwa kampuni ya simu, halifiki Ulaya. Ni ule mlango wa uani, umepanuliwa ukapita juu ya mabati ya nyumba. Na tofauti na mwaka 2000, safari hii mdhibiti alikuja na kalamu badala ya kufuli: mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo wa leseni kwa mitandao ya jamii. Zaidi ya miaka 20 imepita kati ya kufungiwa na kuandikiwa kanuni.

Mageti yaliyoongezeka

Isionekane kwamba mambo yamekwisha. Suluhisho la muda mfupi la 1994 limepita miaka 30 na bado liko kazini, na limezaa. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho ya anwani za IPv4 yaligawanywa kwa sajili tano za dunia, pamoja na AFRINIC ya Afrika yenye makao yake Mauritius. Kampuni za simu, zenye wateja wengi kuliko anwani, zikaweka NAT kubwa juu ya NAT ndogo za watu. Aprili 2012 lilitengwa fungu maalumu la kazi hiyo, linaloanza na 100.64.

Sasa hesabu mageti ya kijana anayetumia data ya simu. Mgeni yuko nyuma ya NAT ya VirtualBox. Laptopu iko nyuma ya hotspot ya simu. Simu, mara nyingi, iko nyuma ya NAT ya kampuni. Mageti matatu, masoja watatu, na wa tatu humjui wala hupokei simu zake. Unaweza kutazama dunia nzima, kununua, kupakua, kulipa. Dunia ikitaka kukujia wewe, tovuti yako ikiwa kwenye laptopu yako, haiwezi, hadi ukodi nafasi kwenye seva ya mtu mwingine, ambayo mara nyingi iko nje na inalipwa kwa dola. Kuna mfumo mpya wa anwani, IPv6, wenye anwani nyingi kiasi kwamba kila mgeni angepata ya kwake, lakini bado haujafika kila mahali, na masoja wamezoeleka.

Kwa hivyo naona suala la kuunganisha mgeni na mwenyeji lina uzito kuliko linavyoonekana kwenye skrini ya mipangilio. Linakulazimisha ujiulize ni nani anaweza kunifikia, kupitia kwa nani, na nani analipwa njiani. Waliofungua KIXP walijiuliza hivyo. Waliochora ramani ya Kibera pia. Mtu aliyejenga mtandao mdogo kwa mikono yake, hata kama ni wa kompyuta mbili ambazo moja haipo, hadanganyiki kirahisi akiambiwa kwamba njia ndefu ndiyo njia pekee.

Kama una laptopu yenye RAM ya GB 8, inatosha kuanza. Weka VirtualBox, mpe mgeni adapta ya pili, chagua Host-only, mwashe, tazama anwani aliyopewa. Kisha rudi kwenye laptopu uandike ping 192.168.56.101, au anwani yoyote uliyoiona. Jibu hurudi kwa kawaida chini ya milisekunde moja, na salio lako la data litakuwa lilelile.